Wali wa Mama na Kunguru wa Yiti

Yiti, Maskati,
Ijumaa, 18 Aprili 2025.

Mpendwa Dada Zakiya,

Assalamu alaykum. Goti lako linaendeleaje? Usimfiche Shemeji Thani. Mwambie akupeleke kwa daktari. Mimi na Mama wazima, alhamdulillahi, ila jua limeniunguza shingo nzima, na sababu yake nakueleza sasa hivi. Usinicheke.

Mdogo wako amekuwa mtega kunguru. Umri huu! Hapa kijijini kuna kundi la watu wa kujitolea, kiongozi wao Mwalimu Murshid, mstaafu. Kunguru hawa si wa huku, walikuja na meli kama huko kwenu Unguja, na wanamaliza mayai na makinda ya ndege wetu. Kila nyumba inayokubali huwekewa tundu kubwa la waya: kunguru huingia kwa juu kufuata chakula, kutoka hawezi. Nilikubali haraka kwa sababu ndege aina ya chozi wamejenga kiota kwenye mkomamanga alioupanda Baba, na ndani mlikuwa na mayai mawili, baadaye yakaanguliwa makinda wawili.

Wiki tatu, tundu letu tupu. Jirani anakamata sita, saba; sisi hata unyoya. Nikabadilisha chambo mpaka nikachoka. Mchana mmoja Mwalimu Murshid akaja, akatazama juu ya ukuta wa ua, akakohoa kwa adabu. Sinia ya Mama! Tangu Baba afariki, kila siku baada ya chakula Mama huwawekea ndege wali na vichwa vya samaki, akinuia thawabu zimfikie Baba. Kunguru gani ataingia tunduni kufuata ngozi ya kuku iliyokauka, ilhali ukutani kuna wali wa nazi?

Hapo nikafanya ujinga. Badala ya kumwambia, niliificha sinia juu ya kabati nikasema sijui ilipo. Aliitafuta nyumba nzima na miguu yake ile, mpaka akaiona. Hakunigombeza. Alisema tu, "Baba yako hana kitu ila hiki nnachompelekea, nawe unakificha?" Siku mbili akala chumbani peke yake. Dada, nililia bafuni kwa aibu.

Siku ya tatu nikamwendea, nikambusu mkono, nikamweleza yote. Nikamwomba sinia iingie tunduni, thawabu si ni zile zile? Akanikatiza. "Nimewakaribisha mwenyewe kwa wali wangu, leo niwatie tunduni? Hiyo khiyana, Nasriya. Mie sifanyi."

Kisha akatoa hukumu yake: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sinia ipumzike siku tatu, kunguru wajue karamu imekwisha. Baada ya hapo anayeingia tunduni ameingia kwa ulafi wake, na chambo nipike mimi, si yeye. Mwalimu Murshid alikubali bila kucheka, Mungu ambariki.

Siku zile tatu kunguru walipiga kelele ukutani kama watu waliofungiwa mlango wa arusi. Mama akaweka kiti uani, bakora mkononi, analinda kiota asubuhi mpaka magharibi, nami juani pamoja naye. Siku ya pili tuliingia kusali adhuhuri. Tulipotoka, kinda mmoja hayupo. Mama alisogeza kiti karibu zaidi, na tangu hapo tukawa tunasali kwa zamu.

Siku ya nne tukakamata watatu. Juzi wanne. Sadaka ya Mama sasa ni mtama chini ya kichanja cha waya, nafasi zake ndogo, njiwa mdogo kama tetere anapita na kunguru hapiti. Amesema Baba hakuwahi kupenda wali uliopoa hata hivyo.

Na jana asubuhi kinda aliyebaki karuka. Alitua kwenye kamba ya nguo, akayumbayumba, akaenda zake. Mama alimfuata kwa macho mpaka akapotea, akasema, "Huyo thawabu zake za baba yenu." Kisha akanishika mkono, tukalia sote wawili. Sikuwa nimelia mbele yake tangu tulipomzika Baba, na nilitamani ungekuwepo.

Msalimie Shemeji Thani, mbusu mwanetu Badr, na jirani yako Bi Buthaina mpe salamu za Mama. Mola akupe afya, azijaze kheri siku zako, na amrehemu baba yetu.

Mdogo wako akupendaye daima,
Nasriya