Nyumba Ulizotutuma Tukazitazame

Kaka Tae-gyu mpendwa,

Shikamoo. Hali yako vipi, na ya Wifi, na ule mgongo wako unaokusumbua ukikaa sana ofisini? Watoto nao wanaendeleaje na masomo? Sisi huku hatujambo. Asubuhi baridi imeanza kuuma kidogo, lakini mchana jua ni zuri na kabichi za kimchi zinanenepa shambani. Mama anakula vizuri, analala vizuri, na ulimi wake ni ule ule, kwa hiyo ujue kwamba ni mzima.

Najua ulikuwa unangoja simu. Nimeona jinsi ulivyopiga. Sikupokea makusudi, kwa sababu kwenye simu unanikatiza, nami nikikatizwa napandisha sauti, mwishowe tunagombana kwa jambo jingine kabisa. Basi zima hiyo televisheni, kaa, usome mpaka mwisho. Usirukeruke kama ulivyokuwa unafanya na vitabu vya shule.

Ulinikabidhi Mama na gari lako, ukaniambia nimzungushe Gyeongsang ya kaskazini akaone majumba ya kale ambayo wilaya zimeyachukua. Ulisema akishaona mapaa yalivyonyooshwa na nyua zilivyofagiwa, moyo wake utatulia, nawe utatia saini kuikabidhi wilaya nyumba yetu baada ya sikukuu ya Chuseok bila mtu kununa. Mimi nilikuwa upande wako, usisahau. Nani anataka mama yake, mtu wa miaka karibu themanini, akae peke yake kwenye jumba lililofungwa tangu Baba afariki? Nikajisemea, tutazunguka, tutakula tambi, atakubali, nitakurudishia gari lako.

Nyumba ya kwanza ilikuwa upande wa Bonghwa. Kaka, ilipendeza! Milango imebandikwa karatasi mpya, mbao zinang'aa. Mama akainama, akaweka kiganja sakafuni, akauliza hapa moto wa chini ya sakafu umewashwa lini mara ya mwisho, mbona sakafu baridi kama chumba cha maiti. Mlinzi, kijana mwenye adabu zake, akamweleza kwamba moto hauruhusiwi, ni hatari kwa mbao. Mama akamwambia mbao za nyumba hizi zinaponywa na moshi wa moto huo, bila moshi mchwa wanakula mpaka mwamba wa paa. Akamuuliza, kwa hiyo mchwa ndio wanaoruhusiwa? Kijana wa watu akabaki anacheka na kukuna kichwa. Mimi nilitamani ardhi ipasuke.

Halafu Mama akamwonyesha tiketi yake, akauliza inamruhusu kuingia wapi. Kijana akajibu popote penye mlango wazi, bibi. Mama akaupita ua wa wanawake bila hata kugeuza shingo. Akaenda moja kwa moja kwenye ukumbi wa wanaume pale mbele, akavua viatu, akapanda, akakaa katikati akitazama lango. Akakaa pale hadi nikaanza kusikia njaa. Nilidhani amechoka.

Kesho yake, nyumba nyingine, mambo yale yale. Na iliyofuata. Jikoni hakuingia, wala hakutazama vyungu vya mchuzi wa soya vilivyopangwa uani, yeye ambaye hawezi kupita chungu cha jirani bila kufunua! Ni ukumbini tu, katikati. Huko Yeongju tulipoingia stesheni ya zamani ya reli, alikalia kiti cha bwana stesheni, akataka nimweleze treni yangu imechelewa kwa nini. Kwenye baraza la liwali wa zamani alipanda jukwaani alipokuwa akikaa liwali mwenyewe, mimi nikasimama uani kama mshitakiwa, akanihukumu kumnunulia samaki wa chumvi wa kuchoma. Watalii walipiga makofi. Nikafurahi mno, kwa sababu tangu tumhamishie ghorofani kwako Daegu sijamwona Mama akicheza. Unajua mwenyewe anavyoshinda dirishani pale.

Sasa sikiliza lililotokea katika nyumba ya mwisho, nje kidogo ya Andong. Ile bado inakaliwa na wenyewe, mzee Eom na mkewe, ila Jumamosi hufungua lango kwa wageni. Mama kama kawaida yake akapanda ukumbini, akaketi mahali pa mwenye nyumba. Mara mzee Eom akatokea. Nikasema leo tumekwisha. Lakini yule mzee alisimama chini ya ngazi, akakohoa kidogo, vile wanaume wanavyokohoa kabla ya kuingia upande wa wanawake, na Mama akamwambia, karibu ndani! Mzee akacheka mpaka akashika nguzo. Akamwita mkewe alete sikhye, kile kinywaji kitamu cha mchele.

Mkewe akaja na meza ndogo ya chakula mikononi, akaiweka kizingitini, akarudi nyuma. Mama akamwambia apande wakae wote. Bibi wa watu akakataa, akasema yeye huwa anaishia hapo hapo, tangu alipoolewa hajawahi kukaa humo. Mume akashangaa, akasema kwani nani amekukataza? Mkewe akasema hakuna aliyemkataza, na hakuna aliyemkaribisha. Hapo Mama akampigia kiganja sakafuni kando yake, akamwambia, panda, mwenzangu. Mimi nimelipa tiketi, wewe umelipa miaka. Yule bibi akamtazama mumewe, akavua viatu, akapanda. Walikunywa wote watatu. Mimi nilitoka nje, Kaka, nikajifanya napiga picha, maana machozi yalikuwa yananitoka.

Kwenye gari nilimuuliza Mama. Hakunizungusha. Alisema ameolewa nyumba yetu kwa zaidi ya miaka hamsini, amewapikia mababu kila tambiko, na kijiji kizima kinamwita mwenye nyumba. Lakini ule ukumbi wetu wa mbele ameuingia kwa ufagio tu, akafagia, akatoka. Chakula cha Babu, cha Baba na cha wageni wao alikifikisha kizingitini. Baba hakuwa mtu mbaya, alisema, ila halikumpitia akilini, naye Mama hakusema. Akaniambia yeye hagombani na wilaya wala paa jipya halichukii. Kinachomuuma ni kwamba ukitia saini, mtu yeyote kutoka Busan mwenye tiketi yake atakaa pale, na yeye hajakaa.

Nilikuwa naendesha, nikapunguza mwendo. Wewe ungemjibu nini?

Haya, sasa shusha pumzi. Pale njia panda ya kwenda Daegu sikukunja kwenda Daegu. Tuko nyumbani, Kaka. Tuko kwenye nyumba yetu tangu wiki iliyopita, na barua hii naiandikia ukumbini, Mama amejinyoosha hapa kando yangu baada ya chakula cha mchana, anakoroma.

Siku ya kwanza tulihangaika. Jiko la chini ya sakafu lilitema moshi kila mahali, tukakohoa, panya wakahama na matusi yao. Jioni sakafu ikapata joto. Mama akaoga, akavaa nguo safi, akatoka ua wa ndani, akapanda ngazi za mbele, akakaa mahali pa Baba. Alilia kidogo. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, akanigeukia, akaniuliza kwani nimekuwa mhudumu, niingie nikae. Tangu siku hiyo analala hapa.

Bwana Pyo wa wilaya alikuja kupima kama mlivyopatana, akatukuta. Usimlaumu, alipigwa na butwaa kuliko utakavyopigwa wewe. Alipotulia alisema wilaya inaweza kutengeneza paa hata kama mwenyewe anaishi ndani, mradi wageni waruhusiwe siku ya Jumamosi, ila makubaliano ni mengine na lazima uyakubali wewe uliye mrithi. Mama amesema wageni atawapokea mwenyewe, ameketi. Mimi nitakaa naye mpaka baridi iishe. Duka la ushonaji nimemwachia mwenzangu, na sina mume wa kuniuliza niko wapi.

Najua kinachokukera siyo moto wala paa. Kwa desturi chumba hiki ni chako tangu Baba aondoke, na Mama analijua hilo kuliko sisi wote. Amenituma maneno, nami nakuandikia kama alivyoyasema. Haombi ruhusa. Hana hasira na wewe. Anasema uje Chuseok na familia, tufanye tambiko kama kawaida, na likiisha yeye atakaa huku mbele, na meza yake ya chakula umletee wewe, kwa mikono yako.

Anasema ukiifikisha kizingitini usiiweke ukaondoka. Upande nayo, ukae, mle. Kwa sababu ulipotimiza miaka saba ulichukuliwa kutoka chumbani kwake ukaletwa huku kwa wanaume, na tangu siku hiyo hajawahi kula na mwanawe meza moja ndani ya nyumba hii.

Msalimie sana Wifi, mwambie asibebe chochote isipokuwa nguo za baridi. Wabusu watoto. Gari lako ni zima, ila linanuka moshi.

Ni mimi mdogo wako,
Hwa-yeon