Amibe Isiyo na Neno

Mama Zaina,

Hapa Bujumbura mtu akishika tumbo tu, mtaa mzima umeshampima: amibe, yule mdudu wa tumboni. Nawe ulikuwa hivyo hivyo. Ukiona damu chooni unaniambia, "Baba Zaina, usijitie wasiwasi. Ni amibe tu." Na kweli, kila tulipoenda maabara ya mtaani, mpimaji aliinamia hadubini yake akainuka na neno hilo hilo. Ukameza vidonge hadi ukasema mate yako yana ladha ya spana zangu za gereji. Nilicheka. Ulikuwa unakonda, na bado ulinichekesha.

Ulipoanguka sokoni Gatumba, vitenge begani, ndipo tukafika kwa yule daktari mwanamke. Akatueleza polepole: kuna amibe mbili, kwa hadubini ni mapacha, hakuna jicho la kuzitofautisha. Moja inakula utumbo. Nyingine inakaa tu humo, haimdhuru mtu. Akachukua choo chako kidogo kwenye kichupa, kikaenda kwenye mashine ya PCR, kama ile ya korona, inayosoma vinasaba vya mdudu mwenyewe.

Jibu lilipotoka alituita. "Mama, amibe yako ni ile isiyo na neno."

Wallahi ulipiga kigelegele pale pale! Ukanivuta hadi ufukweni Kajaga tukale mukeke wa kuchoma, samaki wa ziwa letu, ukala mpaka ukalamba vidole. Nilikuangalia nikafurahi. Daktari peke yake hakufurahi. Alikuwa ametuambia, "Basi damu inatoka kwa kitu kingine. Murudi tukitafute."

Wakakitafuta, wakakikuta: saratani ya utumbo, imeshafika kwenye ini. Miaka yote ile tulikuwa tunamfukuza mpangaji asiye na kosa, na muuaji yumo chumba cha ndani. Hukuona mwisho wa mvua za mwaka ule.

Msibani shangazi yako alilia, "Amibe ni mubaya, jamani!" Nikamfokea mbele za watu. Bado nina hasira, Mama Zaina. Sina wa kumkasirikia, basi nalikasirikia hilo neno.

Sasa sikiliza. Wiki hii Zaina ameona damu. Binti yetu, na mtoto wake bado yuko mgongoni! Jirani kashatoa jibu lake, unalijua. Sikumsikiliza, nimemleta Zaina moja kwa moja kwa daktari yule. Kichupa kimeshaingia ndani, nasi tuko benchini tunangoja. Naogopa. Zaina ananiambia, "Baba, omba isikuwe ile amibe mubaya."

Nimemwitikia amina. Lakini moyoni, mke wangu, naomba iwe hiyo hiyo, ile mbaya, ile inayokula utumbo, maana hiyo ina dawa.

Pumzika. Mimi mumeo,
uliyemwachia Zaina