Kofia ya Mtoto

Mtaa wa Gitega, Kigali, Jumapili jioni

Mdogo wangu Zainabo,

Salamu kutoka Kigali, na hongera ya mtoto. Natumai shangazi anakupikia uji wa mzazi huko Kahama. Huku mvua imemega ukuta wa jirani, na cherehani yangu bado inakwama.

Wikiendi sishoni, bado ni mhudumu wa afya wa mtaa kama ulivyoniacha. Mgonjwa wa kifua kikuu siku za kazi anameza vidonge kituoni, mbele ya muuguzi. Jumamosi na Jumapili mimi ndiye nampelekea nyumbani, nasimama mpaka ameze. Kazi hii inatufunga mdomo. Sijawahi kutaja jina la mtu.

Leo nalitaja. Mumeo Shafiq ana kifua kikuu. Alinishika mikono akasema, "Shemeji, Zainabo asijue mpaka ajifungue." Nikanyamaza. Baadaye akaanza kunifungia mlango, na kituoni nako hawamwoni tena. Akikohoa, nyumba ya pili wanasikia.

Leo nimemkuta anafunga begi. Kesho anapanda basi, anasema utamsubiri stendi na mtoto. Nimemsihi, hakusikia. Simu yako haipatikani, kwa hiyo barua hii naipa dereva wa basi hilohilo, akukabidhi kabla abiria hawajashuka.

Amemnunulia mwanawe kofia ya sufu, amenionyesha huku anacheka. Kofia ipokee. Akinyoosha mikono, mtoto usimpe.

Dada yako,
Swafiya