Jina la Kitanda cha Pili

Mjukuu wangu, mke mwenzangu mwenye tumbo,

Nakusalimu mara mbili, wewe na huyo aliye ndani. Miguu inavimba? Ikivimba, iweke juu ya mto, mumeo apike, mikono anayo. Mimi mzima, ila magoti yanalia kama mlango mbovu. Mdomo ndio haujazeeka.

Wajua kalamu sijaishika maisha yangu yote. Barua zangu huniandikia mama wa dukani, lakini hii nimemwomba fundi cherehani, jirani yetu wa mlango wa nne, aliyekushonea sare zako zote. Nimemwambia aandike kila nitakachosema, asipunguze hata neno. Sababu utaiona.

Umeniuliza habari za jina la mama yako, maana mmekataa kuambiwa na kipimo kama mtoto ni wa kike au wa kiume, na mnataka jina la kumfaa yeyote. Vizuri. Faraja ni ule utulivu unaompata mtu aliyelia, mwenzake akija kukaa naye. Halichagui sketi wala suruali. Mtaani kwetu ukiita Faraja pale bombani, wanageuka wasichana watano, wavulana wanne, na mbuzi wa muuza mkaa. Wa kwanza ni mama yako. Alizaliwa mnono, akatembea na miezi tisa, homa hakuijua. Wanawake wakasema jina hilo lina heri, kila mwenye mimba akaja kuniomba. Nami nikawa naligawa kama chumvi ya jikoni kwangu.

Wote niliwaambia nimeoteshwa na marehemu mama yangu. Hata wewe. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekwenda miaka arobaini na mitatu. Mjukuu wangu, sikuota kitu.

Fundi, andika na hilo.

Nilipokwenda kumzaa mama yako, wodini mimi nililala kitanda cha tatu, fundi kitanda cha pili. Alikuwa ameshazika watoto wawili, waliokufa kabla hajawapa jina. Safari ile hakutaka kuchelewa. Aliniambia amechagua jina la kumfaa wa kike na wa kiume, ili mtoto akitoka tu aitwe, asingoje kufunuliwa nguo. Alikuwa amelidarizi kwenye shuka dogo, kwa uzi mwekundu. Kwa kuwa kusoma sijui, aliushika mkono wangu, akanipapasisha herufi moja moja. Faraja.

Wake alizaliwa asubuhi, hakulia. Wangu alizaliwa adhuhuri, akalia mpaka mlinzi wa getini akasikia. Muuguzi akaja na kadi, akauliza mtoto anaitwa nani. Sikuwa na jina. Mama mkwe alitaka nimpe lake, nami mama mkwe nilikuwa simpendi. Nikasema Faraja. Nilisema kwa sauti, mwenzangu yuko hatua mbili tu kutoka kwangu. Akageukia ukutani. Mimi nikanyonyesha.

Hakuwahi kuniambia neno. Alimpima mama yako nguo tangu chekechea hadi harusi, na siku zote alimwita binti wa jirani. Jioni wanawake wakiita watoto waje kuoga, Faraja huku, Faraja kule, cherehani yake ilikuwa inanyamaza. Nilikuwa naisikia kutoka mlangoni kwangu. Najiambia uzi umekatika. Uzi gani huo, unaokatika kila jioni?

Nimekwenda kwake mara nyingi na maneno ya kuomba radhi mdomoni, nikaishia kuazima sindano. Ninazo kumi na nne, na kushona sijui. Ndiyo maana nimepitia kwako. Hata sasa naongea nikitazama sakafu, uso sina pa kuuweka. Kalamu nimesikia imesimama mara mbili, kisha ikaendelea.

Na kubwa kuliko yote ni hili: mtoto wake alikuwa wa kike au wa kiume, sijui. Miaka yote hiyo sikumuuliza.

Basi jina si langu kukupa. Nimemwomba, nikishaweka dole gumba, aandike chini yake jibu lake: ndiyo, au hapana, au matusi, nimeyastahili. Mimi sitaweza kulisoma, wala sitamwomba anisomee. Atakalosema, lifuate.

Msalimu mumeo, mwambie namwazima tu mke, sijampa. Kula vizuri. Nakupenda kuliko meno yote niliyobakiwa nayo.

Ni mimi bibi yako,
nimeweka dole gumba hapa.

*

Mjukuu,
Alikuwa wa kiume, mwenye nywele nyingi. Mwite wako Faraja.
Na mwambie bibi yako anirudishie sindano zangu. Azilete mwenyewe.
Fundi