Pijo Yangu na Chumvi ya Barabarani

Jumapili, Novemba 1994

Eti nimechanganyikiwa! Mwanangu Karim kaniambia hivyo leo mbele ya mkewe, tena kwa Kiingereza, kama afanyavyo akiogopa macho yangu.

Kosa langu ni kusema nahamia Mombasa, nikaiendeshe Pijo 404 ya marehemu baba yake mwaka mzima. Hapa Toronto theluji ikianguka tu wanamwaga chumvi barabarani, na chumvi inakula bati. Basi gari linalala chini ya turubai hadi Aprili. Kila Jumapili nashuka gereji na koti na chupa ya chai, naliwasha, nakaa ndani kidogo, nalizima. Huko si kuendesha, ni kumtazama mgonjwa.

"Mama, watu hawahami kwa sababu ya gari."

"Wanahama kwa sababu ya magoti yanayouma kwa baridi, na hakuna anayewacheka."

Kuwaacha wajukuu kunaniuma. Sijidanganyi.

Jioni Karim akapiga simu, sauti imelainika. Amepata fundi wa kutengeneza hita ya Pijo, angalau nisitetemeke humo gereji.

Nikamwambia aiache hivyo hivyo ilivyokufa. Niendako, hita ya nini?