Kisu Nilichomficha Kalunde

Jumatano. Kipupwe kimeingia. Upepo umepuliza vumbi tangu alfajiri, nami nimeshinda barazani na blanketi mabegani. Moyo wangu umechoka, na daktari ameacha kunificha.

Kwa hiyo naandika, kwa kidole kimoja kwenye simu, kabla sijaanza kujitetea.

Mdogo wangu Kalunde aliugua akili akiwa msichana, kwetu Usoke. Alisikia sauti. Siku moja aliacha jiko likiwaka akaondoka, nusura nyumba iungue. Mimi nilikuwa mwalimu hapa Tabora mjini, sina mume wala mtoto. Nikamchukua. Nikaficha visu, nikatia kufuli jikoni, nikamwondolea jembe, sindano na pasi. Kwetu, mgonjwa akionekana na jembe mkononi, watu huuliza ndugu zake wako wapi.

Dawa zilimtuliza miaka mingi iliyopita. Kufuli sikulitoa.

Hospitali waliniambia nimlete kwenye tiba kwa vitendo, yaani arudishiwe kazi za kila siku kidogo kidogo: kupika, kufua, kwenda sokoni. Niliitikia vizuri, kama mtu aliyesoma. Nikarudi nyumbani nikajiambia hawezi.

Hapana. Niandike ukweli. Niliogopa kwamba anaweza.

Kanisani walinisifu kwamba Mwalimu ana moyo, na sifa hizo nilizipenda. Tena bila Kalunde nyumba hii ingekuwa mimi na redio. Akiweza kujipikia, angerudi Usoke. Basi nikamlisha, nikamwogesha, nikamvalisha, hadi akawa anashinda mkekani akitazama ukuta. Hali hiyo nikaiita ugonjwa.

Sasa mimi ndiye nisiyeweza kujiogesha. Nikifa, nani atamlisha? Ndiyo maana mwezi huu nilimwita Rehema, mtaalamu wa tiba kwa vitendo. Si upendo ulionisukuma. Ni hofu.

Leo Rehema amekuja na kapu la viazi vitamu. Kalunde alikuwa hodari wa michembe, vile vipande vya viazi vya kuanika juani.

"Kisu kiko wapi, Bibi?"

"Atajikata."

"Akijikata tutamfunga kitambaa. Hata mimi hujikata."

Nikamwelekeza chini ya godoro langu. Niliona aibu kusema mahali penyewe.

Kalunde alipapasa makali kwa kidole gumba. "Dada, hiki ulikuwa unakatia maji?"

Rehema alicheka. Mimi nilishindwa. Sikumbuki lini mara ya mwisho nilimsikia akitania.

Alikinoa kwenye jiwe la mlangoni. Vipande vya kwanza vilitoka vinene kama sabuni. Kufikia adhuhuri vilikuwa vyembamba, vimeanikwa juu ya bati, naye anafukuza kuku kwa matusi ya Kinyamwezi niliyodhani ameyasahau.

Rehema alipoondoka, nilimwambia Kalunde. Kwamba hospitali walimtaka zamani, na kwamba mimi ndiye niliyekataa. Sikusema nilimhurumia. Nilisema nilitaka abaki nami.

Hakulia. Aligeuza vipande juani, kimoja kimoja, mpaka akamaliza bati zima.

"Wifi bado yuko Usoke?" Alimaanisha mjane wa kaka yetu.

"Yuko. Huwa anakuulizia."

"Treni inapita siku gani?"

Nilitamani kusema sijui. Nilimwambia Ijumaa.

Akaitikia kwa kichwa, akaingia jikoni kutafuta sufuria.

Kesho nitamwomba Rehema amsindikize stesheni, Kalunde akate tiketi mwenyewe. Sijamwomba anisubiri hadi nizikwe. Mungu anisaidie nisimwombe.