Jina Lako Juu ya Kitabu Changu

Mjomba Athumani,

Shikamoo. Huwezi kuitikia, najua, na leo sikungoji uitikie. Nakuandikia kwa sababu haya sina wa kumwambia. Likoni nzima inakusifu. Nikifungua mdomo nitaonekana mpwa asiye na haya, na wewe ndiye uliyenifundisha kusoma.

Nianze na habari za duka, maana hizo ungeziuliza kwanza. Kibanda kipo. Jamvi nalitandika kila nikitoka skuli, na Jumamosi tangu asubuhi. Vitabu navilaza ulivyokuwa ukivilaza, chali, uso juu. Wakumbuka siku ulipovuka kwenda mjini na kikapu cha vitabu vya waandishi wetu, ukarudi nacho kimejaa vile vile? Bwana wa duka kubwa la vitabu alikwambia vitabu vya stensili, vilivyochapwa kwa mashine ya mkono na kubanwa pini, havina mgongo, na kitabu kisicho na mgongo hakisimami kwenye rafu. Ulituhadithia huku ukicheka. "Basi vyetu vitalala," ulisema, "vilale vikiwatazama watu machoni." Siku hiyo ukaweka sheria: kitabu cha hapa hakivuki feri. Anayekitaka na aje hapa kwetu Shika Adabu.

Nami ukanipa kazi. Ulijua siwezi kumtazama mgeni usoni, ukanitundikia leso kuukuu pembeni mwa kibanda, nikawa nakaa nyuma yake na kusoma kwa sauti. Kila mteja aonjeshwe ukurasa wa kwanza kabla ya kununua. Ulisema duka kubwa lina taa na feni lakini halionjeshi mtu. Kazungu, yule kibarua wa bandarini anayeandika visa vya wapelelezi, ndiye aliyenibandika jina. Hata sasa akifika hugonga mbao. "Redio, leo una betri?" Nami hucheka peke yangu huko nyuma.

Kwa hiyo kisa changu nilikuletea wewe. Ningempelekea nani mwengine? Nilikipiga taipu kwenye mashine yako likizo nzima ya Agosti, nikakupa huku nikiangalia miguu yako. Ni kisa cha msichana ambaye baba yake yuko Uarabuni. Baba huandika barua, na mama msomo wake ni wa chuoni tu, wa Kurani, herufi za skuli hazijui, kwa hiyo msomaji ni yule msichana. Baba anaandika kwamba ameoa huko na hatarudi. Msichana anasoma kwamba baba ana kazi nyingi, awasalimu sana, inshallah atakuja Idi.

Nilikwambia, "Mama asikione." Hukuuliza kwa nini. Wewe ni kaka yake. Ulijua yule baba ni nani, na msichana ni nani.

Baada ya wiki mbili ukasema, "Hakijaiva, mwanangu. Kiache kwangu." Nikakiacha. Nilikaa zaidi ya mwaka nikiamini mimi ndiye sijui kuandika.

Arobaini yako ilipokwisha nilivuka kwenda kununua stensili. Nikaingia lile duka kubwa, si kwa kununua, kwa kutazama tu, kama mtu anavyochungulia nyumba ya adui. Nikaliona jina lako. Limesimama kwenye rafu, juu ya mgongo wa kitabu, kwa herufi nyekundu.

Nilifurahi, Mjomba. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Nilisimama pale nikitabasamu na ukuta, nikidhani umeandika kitabu kwa siri ili utushtue. Nikakifungua. Mstari wa kwanza ulikuwa wangu. Wa pili wangu. Hata maneno niliyoyarudia kwa kukosa mengine, yamo. Hukugusa kitu. Kumbe kilikuwa kimeiva siku ile ile.

Na mbele kabisa, kwenye shukrani: "Namshukuru mpwa wangu Mwanasha kwa kuupiga taipu mswada huu." Laiti ungeniacha kabisa nisitajwe. Hiyo shukrani nimeshindwa kuimeza. Kweli nilikipiga taipu.

Nimekutafutia sababu mpaka nimechoka. Labda wachapishaji walikataa kazi ya mtoto wa kidato cha pili. Labda ulikusudia kuniambia. Lakini presha ilikulaza siku tisa, na siku zote tisa mimi ndiye niliyekuletea uji. Ulinikumbusha nifunike wino usikauke. Ulinikumbusha pini zimekaribia kwisha. Siku tisa, Mjomba.

Nilikirudisha kitabu rafuni, nikaja zangu kimya. Ningenyamaza milele, wanijua. Ila Kazungu naye alikiona. Alikuja kibandani hakugonga mbao. "Sisi katufunga kamba," alisema, "mwenyewe kapanda feri." Kisha akasema, "Haya, marehemu ni marehemu. Nimemnunulia mamako kimoja, aweke kumbukumbu ya kaka yake." Hakuwa na nia mbaya hata chembe. Akaenda akampa.

Mama alikibusu. Akakiweka juu ya kabati karibu na msahafu. Halafu akaniambia, "Hebu nsomee."

Nilisema kichwa chaniuma. Kesho yake nikasema nina mtihani. Siku ya tatu alisimama mlangoni, mkono kiunoni. "Wapita njia wawasomea, hata hujui baba zao. Mimi mamako ndiye wanifanyia choyo?"

Ijumaa baada ya alasiri tukakaa uani. Yeye ana ungo wa mchele achambua, mimi nina kitabu. Nakwambia kweli, nilitaka kukibadilisha. Naweza. Nimembadilishia barua miaka mitatu na sauti haitetemeki. Lakini nilipofungua nikaona siwezi kuyafanyia maneno yangu vile ulivyolifanyia jina langu. Nikasoma kama yalivyo.

Nilipofika pale msichana anaposoma barua ya kwanza, mkono wa Mama ulisimama juu ya mchele.

"Kaka kayatoa wapi haya?"

"Hakuandika Mjomba," nilisema. "Niliandika mimi."

Alichambua mchele wote mpaka punje ya mwisho, nami nimekaa pale na kitabu mapajani, sijui nikifunge au niendelee. Akaingia ndani. Akatoka na ule mkebe wa biskuti anaowekea barua za Baba, zote kwa mpango, akaniwekea mbele.

"Anza na ya kwanza," alisema. "Na usinikatie."

Zilikuwa kumi na moja. Nilimsomea zote. Aliposikia habari ya mke mwengine hakulia, aliitikia kwa kichwa tu kama mtu anayehesabu vituo vya safari. Lakini katika ya nne, Baba aliuliza kama mguu wa Mama umepona, na kama bado anaumia akipanda ngazi. Nilikuwa nimelisahau lile neno. Wakati ule nilimchukia Baba hata sikutaka Mama asikie zuri lake, nikaliruka, nikatia salamu za uongo mahali pake. Mama aliniambia, "Rudia hapo." Nikarudia. Akaniambia tena, "Rudia." Hapo ndipo alipolia.

Basi na mimi nimeiba, Mjomba. Sikufichi. Nilimnyang'anya Mama barua zake kumi na moja, na moja kati yazo ilikuwa na neno la kumjali yeye mwenyewe. Lakini hilo halikufutii lako. Nimejaribu kuyaweka pamoja yaoane, yamekataa. Mimi yangu nimekiri kwa mwenyewe akiwa hai, na adhabu naila: siku ya nne leo Mama haniambii neno ila "lete chumvi" na "funga mlango." Wewe ulikwenda na lako.

Nakuahidi haya. Jumamosi nitakata stensili za kisa changu, na jina nitakaloandika juu ni langu. Kazungu ameshasema atazungusha mashine, maana mkono wangu hauna nguvu. Nitakilaza jamvini. Chako kisimame kule mjini na mgongo wake, na atakayeniuliza kwa nini kisa kimoja kina waandishi wawili, nitamjibu. Sheria yako ya feri nimeifuta. Nimewaambia waandishi kila mmoja apeleke kitabu chake anakotaka, na Kazungu amesema ataanza na Nyali, kwa watalii wasiojua Kiswahili, wamnunulie picha ya jalada.

Kaburi lako nitalipalilia. Yasini nitakusomea kila Alhamisi, hata nikiwa na hasira hivi hivi.

Kwaheri, Mjomba. Mwenyezi Mungu akusamehe upesi. Mimi naomba anipe muda.

Mpwa wako,
Mwanasha